Kaskazi Ilipotutoka Tukiwa Ndani

Mwezi wa Machi Mombasa ni joto tupu. Upepo wa kaskazi huwa umechoka, bahari imelala, na katika Mji wa Kale hakuna akaaye ndani jioni ila mgonjwa, au mzazi aliye kwenye arubaini. Baada ya swala ya alasiri baraza za mawe mbele ya nyumba hujaa watu. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe ili ajulikane amefika. Wazee hucheza bao, vijana hubishana mambo ya mpira, na sisi wanawake huketi ukumbini milango ikiwa wazi, tukiitikia salamu za kila apitaye. Nyumba zetu za Kibokoni, sehemu yetu ya Mji wa Kale, zilijengwa kwa maisha hayo. Kuta ni nene, vyumba ni vyembamba, na madirisha yanakaribiana na ya jirani hata mtu aweza kuomba chumvi bila kushuka ngazi. Nje ndiko sebuleni kwetu. Kwa hiyo mwaka 2020 tulipoamriwa kukaa nyumbani, tuliamriwa kuiacha nusu ya nyumba.

Mambo yalikwenda kwa kasi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Misikiti ikafuata mwezi huohuo. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama, na tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Jioni hiyo ya kwanza watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wavuke kwenda makwao walirushiwa gesi ya machozi, na picha zake zikaenea kwenye simu zetu tukiwa tumeketi kula. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa: asiingie mtu, asitoke mtu.

Mume wangu ni mpishi. Wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na msimu wa wageni ulikuwa haujamalizika. Wageni waliondoka kwa ndege za mwisho, hoteli ikafunga milango, wafanyakazi wakapewa likizo isiyo na mshahara. Alirudi na visu vyake vimeviringishwa ndani ya aproni, akaviweka juu ya kabati, akakaa siku kadhaa bila kuvigusa. Mtu aliyezoea kuamka saa 9 usiku kupika chai ya watu mia mbili alikuwa anaamka saa ileile, anakaa kwenye ngazi gizani. Nilikuwa namsikia. Sikumwambia neno, maana sikuwa na neno la kumwambia.

Aliyemtoa pale ni mama yangu. Mama anakaa nasi, ana presha na sukari, na jiko la nyumba hii ni lake tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi moja alimwita akamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akampa nazi mbili na mbaazi zilizokwisha kuchemka.

"Tui zito usilitie sasa, baba. Litakatika."

"Nimekusikia, mama."

"Tia lile jepesi kwanza, liache lichemke na mbaazi mpaka likaukie. Zito ni la mwisho, na mkono usiache kukoroga."

Alikuwa akimfundisha mtu aliyesomea upishi, mwenye vyeti, na mkwe wake akaitikia kwa adabu kama ilivyo ada. Lakini nilimwona usoni. Kwa mara ya kwanza tangu hoteli ifungwe, alikuwa akiangalia chungu badala ya kuangalia ukuta. Kesho yake alikanda unga wa mahamri kwa tui na iliki, akaufunika usiku kucha uumuke, na alfajiri harufu yake ikatoka dirishani ikashuka mtaani. Jirani wa kwanza kuuliza aliuliza kwa dirisha. Kabla wiki haijaisha watu walikuwa wakituma pesa kwa M-Pesa, maana ada za kutuma hadi shilingi 1,000 zilikuwa zimeondolewa tangu katikati ya Machi, na mwanangu mkubwa akawa anapeleka vifurushi mlango kwa mlango, barakoa usoni. Hatukutajirika. Ila umeme ulilipwa na unga ulinunuliwa, na mume wangu alikuwa tena na sababu ya kuamka saa 9.

Jambo lililotutesa zaidi ndani ya nyumba lilikuwa dogo kwa mtu wa nje. Watoto wa Mji wa Kale humbusu mkono mkubwa wao kila asubuhi. Hakuna anayewakumbusha, mtoto huamka, hunawa uso, humwendea bibi yake. Tulipoelezwa kwamba ugonjwa huu unawaua wazee, na zaidi wenye presha na sukari, ilibidi tukae kikao. Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Aliwaambia wajukuu wasimame mlangoni, waweke mkono kifuani, waseme sabalkheri, basi. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alitii wiki ya kwanza. Kisha akaanza kuubusu mkono wake mwenyewe na kumnyooshea bibi kwa mbali, na bibi naye akawa anaupokea hewani na kuutia kifuani. Wakaendelea hivyo miezi. Sijui nani alimfundisha.

Shuleni kwao masomo yalihamia redioni na kwenye runinga. KBC ilirusha vipindi kwa ratiba, na mwanangu aliyekuwa Darasa la Nane alikaa na daftari karibu na redio ya bibi yake, akinakili anachokiwahi. Redio haimngoji anayeandika polepole. Mama alikaa naye, miwani puani, na palipotajwa mambo ya historia ya pwani alizima redio akamsimulia mwenyewe. Kijana alisoma mengi siku zile ambayo hayakuwa kwenye mtihani.

Aprili ikaingia na upepo ukageuka. Mtu wa pwani haulizi kalenda. Siku chache huwa hakuna upepo kabisa, joto linakaa juu ya vichwa vya watu, kisha wingu linapanda kutoka kusini na mvua ya kwanza ya masika inaanguka juu ya mabati. Kaskazi ilikuwa imetutoka. Mwaka mwingine tungeiaga barazani. Mwaka ule tuliisikia ikiondoka tukiwa nyuma ya madirisha. Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma samaki wakaadimika, kama ilivyo desturi ya msimu ule, kwa kuwa ngalawa ndogo haziwezi kutoka nje ya miamba bahari ikichafuka. Safari hii waliadimika zaidi, kwani kafyu iliwazuia hata wale wanaovua usiku kwa taa. Tulikula mchicha wa nazi, tukala maharagwe, na changu akipatikana anagawanywa vipande ambavyo mama alisema havijapata kuonekana katika ukoo wetu kwa udogo.

Ramadhani iliandama mwishoni mwa Aprili. Katika maisha yangu yote sikupata kuuona mwezi huo bila tarawehe msikitini. Adhana zilisikika kama kawaida, kutoka misikiti ambayo mingine ina karne kadhaa pale, lakini milango ilikuwa imefungwa. Tukaswali nyumbani, juu kwenye dari, tumetandika mikeka. Mume wangu aliongoza, mtoto wa kiume nyuma yake, sisi wanawake safu ya pili na mama juu ya kiti. Baada ya usiku kadhaa tukagundua kwamba juu ya dari ya nyumba ya pili nako wanaswali, na ya tatu, na ile ya ng'ambo ya kichochoro. Kila nyumba na imamu wake. Sauti zilipishana, huyu yuko kwenye Fatiha, yule amekwisha kurukuu. Mama alisema amewasikia watu wakisoma ambao miaka yote aliwajua kwa sauti za ugomvi tu, na kumbe wana sauti nzuri.

Kisha tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kwamba mitaa miwili itafungwa peke yake kwa siku 15: Eastleigh kule Nairobi, na Mji wa Kale Mombasa. Sababu ilikuwa wagonjwa walioongezeka. Masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa, askari wakasimama kwenye njia za kuingilia. Siku 15 zilipokwisha ziliongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mji wote wa Mombasa ulikuwa umefungiwa ndani ya mipaka yake, na sisi tulikuwa tumefungiwa ndani ya mji uliofungwa. Dada yangu anakaa Majengo, mwendo wa miguu. Alikuwa anakuja hadi kizuizini na kikapu, anakikabidhi, tunapungiana mikono, anarudi.

Kilichouma kuliko kizuizi ni sifa mbaya. Ghafla jina la mtaa wetu likawa jina la ugonjwa. Wanawake waliokuwa wakifanya kazi kwenye nyumba za watu sehemu nyingine za mji walipigiwa simu wakaambiwa wasije tena. Wizara ya Afya ilipoleta upimaji, wengi walisita, na si kwa ujinga. Watu walikuwa wamesikia habari za karantini ya lazima, ambayo mwanzoni aliyewekwa ndani alitakiwa kuilipia mwenyewe, na serikali ilikubali kubeba gharama hiyo siku zilezile tulizofungiwa. Mtu anayeuza viazi karai, akiambiwa atakaa majuma mawili mahali asipopajua, hali ya watoto wake nyumbani haijulikani, hatanyoosha mkono apimwe kwa hiari. Ilichukua muda, na masheikhe, na madaktari waliozaliwa mtaani humuhumu, kuwatuliza watu.

Hapo ndipo nilipoiona thamani ya jambo ambalo nilikuwa nalifanya tangu utoto bila kulifikiria: sahani ya futari. Kwetu mwezi wa Ramadhani kila nyumba hupeleka sahani kwa jirani kabla ya magharibi, na sahani ya jirani hairudi tupu. Mwaka ule watu waliogopa, wengine wakasema iachwe. Haikuachwa. Ilitafutiwa njia. Mleta sahani aliiweka barazani, imefunikwa kwa kawa, akabisha, akarudi nyuma hadi ukuta wa pili. "Hodi! Futari hiyo, msiiache ikapoa!" Mwenye nyumba anatoka, anashukuru kwa mbali, anaingiza, anamimina, ananawa kwa sabuni. Sahani inaoshwa na kurudishwa kwa njia ileile, na ndani yake kuna kitu: kaimati, tambi za sukari, vipande viwili vya mkate wa sinia. Yupo aliyekuwa hana kitu kabisa, akarudisha sahani yetu na ndimu tatu za mti wake. Ndimu zile tulizikamulia uji mpaka mwezi ukaisha.

Sahani ile ilikuwa pia ndiyo habari. Aliyerudisha sahani haraka alikuwa mzima. Sahani ikilala, mtu alitumwa kuuliza. Jirani yetu mmoja, fundi wa cherehani aliyekuwa akiishi peke yake, alijulikana kuwa ameishiwa dawa ya sukari kwa sababu sahani yake ilikuta ile ya jana bado ipo barazani. Vijana wa mtaa walikuwa na daftari. Waliandika kila mzee anayekaa peke yake, dawa anayotumia, na simu ya mtoto wake aliye Dubai au Uingereza au Kisauni. Walikwenda kizuizini asubuhi na orodha, dawa ikaletwa, ikagawanywa nyumba kwa nyumba. Hapakuwa na bango wala kamera.

Fundi yule alifariki baadaye mwezi huo, kwa sukari yake, si kwa korona. Mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Mtu wa Mji wa Kale akifa, jeneza lake halibebwi na watu wanne. Linapita juu ya mabega ya mtaa mzima, kila mwanamume akitaka bega lake liguse japo kwa hatua tatu. Asubuhi ile lilitoka na watu wachache wenye barakoa. Lakini walipoingia kichochoro, madirisha yote yalikuwa wazi na baraza zote zina watu waliosimama, mmoja mmoja, mbalimbali. Shahada ikaanza mlango wa kwanza, mlango wa pili ukaipokea, ikawatangulia wabebaji hadi kwenye kona. Nilikuwa nimesimama roshani na mama. Hakukuwa na matanga. Jioni wanawake tuliketi kila mtu kwake, tukasoma juzuu tulizogawana kwa simu, hitima ikakamilika kabla ya isha.

Idi ilikuwa tarehe 24 Mei. Hakukuwa na swala uwanjani wala watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba kupokea sikukuu. Waliipokea kwa simu, shilingi hamsini hamsini, nao wakachukizwa kwa kuwa pesa ya simu haishikiki. Baba yao akawachinjia kuku, akapika biriani kwa masufuria mawili, moja likaenda barazani.

Baada ya Idi kusi ilikaza, na watoto wakapanda darini na tiara. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo walitengeneza kama tulivyotengeneza sisi: njiti za chelewa zimefungwa msalaba, karatasi za daftari la mwaka uliopita, gundi ya unga wa ngano, na mkia wa vipande vya leso kuukuu. Mwanangu alipima mkia mara nyingi, akauongeza na kuupunguza, maana ukiwa mfupi tiara inazunguka na kuanguka, ukiwa mrefu haipandi. Kila dari ilikuwa na mtoto wake na uzi wake. Tiara za Kibokoni zilikutana angani na za mtaa wa Ndia Kuu, nyingine zikavuka juu ya kizuizi hadi upande wa pili, na askari mmoja pale chini akasimama kuziangalia.

Kizuizi cha Mji wa Kale kiliondolewa tarehe 7 Juni, kafyu ikasogezwa hadi saa 3 usiku. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Julai, Mombasa yote ikafunguliwa. Misikiti ikafunguliwa mwezi huohuo kwa watu wasiozidi 100 na saa moja tu, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani, kwa hiyo mama hakuingia. Wiki ileile ya kufunguliwa Mombasa Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Baadaye Darasa la Nane waliitwa tarehe 12 Oktoba, na mtihani wao wakaufanya Machi 2021, kaskazi nyingine ikiwa inaondoka. Mwanangu alifaulu. Hoteli ilimwita mume wangu tena mwaka uliofuata, kwa siku tatu za wiki. Mahamri hayakuacha kuuzwa, na hadi leo ndiyo yanayomlipia ada binti yetu.

Watu huuliza ni nini kilichotuvusha. Msaada wa vyakula ulikuja, nami nawashukuru walioutoa. Lakini msaada huleta chakula cha wiki. Haujui nani hajafungua dirisha tangu jana. Anayejua ni jirani. Kilichotuvusha ni desturi ambayo tulikuwa nayo kabla ya ugonjwa, iliyokuwa tayari siku tulipoihitaji. Mtaa usiopelekeana sahani wakati wa neema hauwezi kuanza kupelekeana wakati wa dhiki, kwa sababu hakuna anayejua mlango wa kubisha.

Nasema haya kwa sababu naona yanavyopungua. Nyumba za Mji wa Kale zinauzwa, wapangaji wanaingia na kutoka, milango inafungwa saa 12 jioni bila kafyu. Kama unasoma haya, popote ulipo, iwe Kibokoni au ghorofa ya tano Nairobi, waulize majirani zako majina yao na dawa za wazee wao, uandike kwenye daftari. Fanya hivyo mwaka huu, wakati hakuna anayekulazimisha kukaa ndani.